Jumamosi za Dada wa Simu

Jumamosi ya Dada wa Simu ilianza na kelele za masufuria. Jua likiwa bado halijaupasua ukungu unaoshuka kutoka mlima Loleza, ungemsikia uani akipuliza mkaa, akikohoa moshi, akiimba nyimbo za kanisani bila kufuata noti hata moja. Mara karai linaanguka, mara mfuniko. Alikuwa anachemsha maji ya kuoga, yake na yangu, maana alijua nikiachwa nitalala chini ya mablanketi mpaka adhuhuri. Maji yakishapata moto, anakuja kugonga mlango wangu kwa mwiko.

"Mwalimu! Mji umeamka, wewe bado unaatamia mayai humo ndani?"

Tulikuwa tumepanga nyumba moja Ilomba, Mbeya, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Ilikuwa miaka ya sabini, barabara kuu ya lami ikiwa bado mpya kiasi kwamba watu wa vijijini walikuja kuitazama tu, wakaondoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Tukuyu niliyetoka chuoni juzijuzi. Yeye alinitangulia umri na kazi. Alikuwa opereta kwenye mitambo ya simu mjini. Mtaa mzima ulimwita Dada wa Simu, nami nikamwita hivyohivyo, mwishowe nikabakiza Dada. Jina lake la kanisani nalijua. Sidhani kama angegeuka nikimwita kwa hilo.

Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, vipokea sauti masikioni, akichomeka waya hapa na kuuchomoa pale, akiwakutanisha watu wa Mbeya na watu wa Iringa, Tunduma, Dar es Salaam na kwingine ambako hakuwahi kufika. Alikuwa na sauti laini, isiyo na haraka. Mtu aliyeshika simu kwa mara ya kwanza, akapiga kelele kana kwamba anamwita mwenzake ng'ambo ya bonde, aliambiwa taratibu, "Usihangaike, baba, vuta pumzi kwanza. Haya, unamtaka nani?" Wengi walimpenda bila kumjua.

Hicho hasa ndicho kilichomkera. "Wiki nzima nasikia watu, siwaoni," aliniambia. "Namjua mtu kwa kikohozi, namjua kwa anavyoguna, lakini akinipita barabarani simjui. Jumamosi nataka nyuso."

Basi Jumamosi alizitafuta nyuso. Hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Asubuhi sokoni, kutoka hapo kwa fundi cherehani, kutoka kwa fundi hotelini kunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, mchana mpirani, alasiri dansini. Jumapili kanisani, halafu sinema. Tulitoka Ilomba kwa miguu, tukarudi kwa miguu, isipokuwa mtu mwenye gari akituhurumia. Jumapili jioni mimi nilikuwa hoi, miguu imevimba. Yeye angekaa kwenye kigoda akijikanda nyayo kwa maji ya moto, uso umemng'aa. "Ukichoka kwa raha," alisema, "umechoka vizuri."

Mtaani kulikuwa na wapangaji waliotoka Dar es Salaam kikazi, wakatucheka tulipouita Mbeya mji mkubwa. Mji gani, walisema, mtu anauzunguka kabla chai haijapoa. Dada hakubishana nao. Aliwaalika watembee naye Jumamosi moja. Mmoja alikubali, kijana wa mahesabu, mtanashati. Alasiri alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka amevua viatu, akiomba turudi nyumbani.

Dada alipenda kipupwe kuliko majira mengine yote. Mwezi wa sita na wa saba mahindi yalikuwa yameshavunwa, watu walikuwa na chochote mfukoni, harusi zilifuatana, na bendi kutoka mbali zilipanda kwetu. Hata wafugaji waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe zao kutoka kaskazini walikuja mjini, wamejitanda mashuka, wakiishangaa baridi yetu kama watu waliotendewa ubaya. Dada alikuwa amejifunza salamu za kila kabila kwenye simu. Akimwona mzee wa Kisukuma anatetemeka pembeni mwa soko, alimpita kwa "Mwangaluka!" na mzee akashtuka, akaangaza huku na huku akimtafuta ndugu yake. Wahehe wenzake aliwaambia "Kamwene", Wanyakyusa aliwaambia "Ugonile". Wasio Wahehe wakianza kumjibu kwa maneno mengi, alikimbia, maana zaidi ya hapo hakujua kitu.

Na bado alikuwa mwoga wa baridi. Mtu wa Kilolo, milimani Iringa, aliyekulia penye umande wa kukata vidole, alijifunika kama mtu wa pwani. Sweta juu ya sweta, na juu yake kitenge. Nilimwambia amefanana na kabichi. "Kabichi haiugui kifua," alijibu. Lakini akishafika dansini alizivua zote, moja baada ya nyingine, akabaki na gauni la mikono mifupi, na wala hakupiga chafya.

Hakuwa malaika. Subira yote aliiacha kazini. Sokoni alikuwa moto wa karatasi. Muuzaji akichelewa kumrudishia chenji alianza kugonga meza, na mtu akimkanyaga kwenye foleni ya sinema alimgeukia kwa maneno ambayo nisingethubutu kuyaandika ubaoni. Alikuwa mchoyo wa chupa yake ya chai, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, ilhali sweta alimvulia mtu yeyote aliyeona anaumia na baridi, kisha akalalamika mwezi mzima kwamba hana sweta. Jumamosi alicheza dansi mpaka wapiga tarumbeta wachoke, na Jumapili alikuwa kwenye benchi la mbele kanisani kabla hata kwaya haijaingia. Nilipomuuliza anayachanganyaje mambo hayo, alinishangaa. "Mungu yuleyule aliyenipa Jumapili," alisema, "Jumamosi amempa nani?"

Jambo moja hakuwa na mchezo nalo. Aliyoyasikia kwenye ubao hakuyasema. Siku moja tulikuwa tunachagua njegere, mara akanishika mkono, akajificha nyuma yangu. Mbele yetu bwana mmoja mnene, mwenye suti ya Kaunda, alikuwa anabishana na mwenye nyanya. Dada alikuwa ameijua sauti. Mpaka yule bwana alipoondoka, alikuwa ameshika mgongo wangu kama mtoto. Nilimbembeleza njia nzima mpaka Ilomba aniambie yule ni nani na alikuwa amesema nini na nani. Alininyima. Nikanuna. Akaninunulia karanga, lakini hakuniambia, na mpaka leo sijui.

Sasa niseme habari za baba yake, maana ndiyo wikiendi niliyoiogopa kuliko zote.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kipupwe kimekaza. Tulikuwa uani karibu na jiko, Dada akinisuka kwa uzi, tukapanga ya kesho. Tukasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mrefu, koti kubwa la kijeshi mpaka magotini, kikapu mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Dada aliuachia uzi. Akaenda akapiga magoti.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama." Alimwita hivyo, mama, kwa kuwa alikuwa na jina la bibi yake mzaa baba. "Mmekaa vizuri? Baridi yenu huku ina meno."

Alikuwa ametoka Kilolo mpaka Iringa, na Iringa akapanda basi, bila kumwarifu mtu. Tukamkaribisha, tukapika ugali na maharage. Aliomba sala ndefu, akala kidogo, akaosha mikono. Ndipo akasema.

"Nimekuja kukuchukua."

Dada alimega tonge jingine.

"Nasikia huku unacheza dansi."

"Nani kakwambia, baba?"

"Watu wanapita na malori, midomo wanayo. Mimi ni mzee wa kanisa. Wazee wenzangu wananitazama."

"Wamesema kweli," Dada alisema. "Nacheza."

Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alieleza kwa upole, kama mtu anayepanga siku ya kupanda mbegu, kwamba kuna mgane mmoja pale kijijini, mtu wa heshima, ana ng'ombe na mashine ya kusaga, amekwisha kumposa Dada, naye baba amekwisha kumwitikia. Jumatatu wataondoka wote. Kazi ya simu wataipata wengine.

Dada alikuwa anaviringa tonge ambalo halikufika mdomoni. Hatimaye akaliweka pembeni mwa sahani. "Sawa, baba. Hayo ya Jumatatu tutayaongea," alisema. "Kesho ni Jumamosi. Umekuja mjini, siwezi kukuacha umekaa ndani. Tutatembea wote."

Asubuhi nilimkuta uani akipuliza mkaa. Hakuwa anaimba. "Mwalimu," aliniambia bila kugeuka, "naogopa."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nikamshauri la akili. Tumpeleke mzee sokoni, tumnunulie chai, turudi nyumbani mapema, dansi tuliache kabisa. Jumatatu atakuwa amelainika.

Alitikisa kichwa. "Nikimficha leo, nitamficha maisha yangu yote. Akinichukua, basi anichukue ameona."

Tukatoka watu watatu ndani ya ukungu. Dada alikuwa amebeba viatu vyake vya raizoni mkononi, vile vyenye soli nene vilivyokuwa fasheni wakati huo, ili avivae tukifika kwenye lami. Mzee alivitazama njia nzima. Mwisho akakiomba kimoja, akakipima uzito kwa kiganja.

"Hiki ni kiatu au tofali?"

"Kiatu, baba."

"Ukianguka?"

"Sijaanguka bado."

Akamrudishia. Sokoni alishika kila kitu na kuuliza bei ya kila kitu, asinunue. Kwa fundi, tulipokuwa tunasubiri gauni, fundi aliona mfuko wa koti la mzee umening'inia, akaushona bila kuulizwa, na mzee akamshukuru mara nyingi mno. Hotelini alikula chapati, akauliza zinavyotengenezwa, akala nyingine. Nilikuwa namwangalia usoni kila mara kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu akisahihisha. Sikuona kitu.

Mpirani palikuwa na upepo wa kukata masikio. Timu ya nyumbani ilikuwa inawakung'uta wageni, na uwanja mzima ukishangilia. Mzee akakunja uso.

"Kwa nini watu wote wako upande mmoja? Hao wengine hawana wazazi?"

Akasimama, akainua fimbo, akaanza kuwashangilia wageni peke yake kwa Kihehe. Watu walimgeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini walicheka, wakampisha nafasi aone vizuri, na wale wageni walipopata bao lao la kufutia machozi, mlinda mlango wao alimpungia mkono. Dada alicheka kidogo, kisha akakumbuka tunakoelekea, akajifunga kitenge upya.

Muziki ulisikika kabla hatujafika ukumbini. Mzee alisimama mlangoni, fimbo ameikita chini.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Hapa siingii."

"Basi utusubiri kidogo, baba. Hatutakaa."

Tukaingia. Dada hakucheza. Alikaa na sweta zake zote mwilini, soda mbele yake haijafunguliwa, macho mlangoni. Wenzake walimwita kwa mikono, akakataa. Sijui tulikaa muda gani hivyo. Nilikuwa najiuliza nani atakuja kupanga chumba cha mbele, na kama nitaweza kukaa Ilomba bila yeye. Halafu mlango ukafunguka, mzee akaingia, kola ameipandisha, pua nyekundu.

"Upepo huu hauna dini," alisema, akakaa.

Nikamfungulia soda. Aliinywa taratibu akiangalia. Sijui alitegemea kuona nini. Aliona manesi waliotoka zamu, makarani, fundi aliyemshonea mfuko akiwa na mkewe, na mama mmoja anacheza na mtoto mgongoni, mtoto amelala fofofo. Kijana mmoja wa benki akaja kwenye meza yetu. Alimfahamu Dada, wote tulimfahamu, lakini alipomwona mzee alisimama wima, akaishusha mikono yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa yako nicheze na huyu dada."

Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa bei ya mwezi. "Unaniuliza mimi kwa nini?" alisema. "Mwenyewe si yuko hapa? Muulize mwenyewe."

Alipomaliza kusema alibaki na chupa hewani. Niliona jinsi maneno yake yalivyomrudia.

Dada naye alikuwa amesikia. Alisimama, akavua sweta ya kwanza, akamwekea baba yake mapajani. Akavua ya pili, na ya tatu, akakunja kitenge akakiweka juu. Akaenda kucheza.

Mzee alikaa na rundo lile, mikono ameizungushia lisianguke, akimtazama binti yake. Dada akicheza alikuwa anacheka kwa mwili wote, kichwa nyuma, hajali meno.

"Mwalimu," mzee aliniambia, akinisogelea sikioni kwa sababu ya tarumbeta. "Huwa anacheka hivi?"

"Kila Jumamosi, baba."

Alizipanga upya zile sweta mpaka wimbo ukaisha. "Tangu mama yake afariki," alisema, "sijamwona anacheka hivi. Nilidhani ameshasahau."

Jumapili baba na binti walikaa benchi moja kanisani, na mzee alipoona wazee wa kanisa la Mbeya wanamwamkia binti yake kwa heshima na kumuuliza kwa nini amechelewa, wakati kengele ya pili ilikuwa haijalia, alikohoa, akanyoosha koti. Mchana tulimpeleka kwenye picha ya Kihindi. Hakuelewa lugha, wala sisi hatukuielewa, lakini yule mama wa kwenye picha alipompoteza mwanawe sokoni, mzee alilia waziwazi, akajipangusa kwa mkono wa koti. Watu wa mbele waligeuka kumtazama, wakakuta na Dada analia, na mimi vilevile.

Tulirudi Ilomba jua likiwa linaelekea kuzama. Karibu na daraja mzee alisimama.

"Yule mgane," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia nilijibu swali lisilokuwa langu."

Dada alimtazama, midomo ikamcheza. Akaenda kando ya barabara, akakaa kwenye jiwe, akavua viatu vyake, akaanza kulia kwa kwikwi. Mzee alishtuka. Aliinama juu yake, koti limemfunika.

"Nini tena, mama? Viatu vinabana?"

"Ndiyo, baba," Dada alisema katikati ya machozi. "Vinabana."

"Nilikwambia ni tofali."

Akavichukua, akavibeba yeye mpaka nyumbani, kimoja kila mkono, fimbo ameibana kwapani. Nilitembea nyuma yao nikijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni alioubeba tangu mtoni. Usiku ule nililala bila kusikia hata mbwa.

Jumatatu mzee alipanda basi peke yake. Baadaye tulisikia, kwa midomo ileile ya malori, kwamba wazee wenzake walipomuuliza habari za dansi aliwajibu, "Nimekwenda, nimeona. Kuna soda na watu wanatoka jasho." Hawakumuuliza tena. Na kila kipupwe, baada ya kuvuna, alikuja kukaa nasi siku mbili tatu, na kila mara aliulizia kwanza timu ipi inategemewa kufungwa.

Dada alihamishiwa Iringa mimi nikiwa nimeshaolewa. Kwa muda alinitafuta kwenye simu ya shule. Mwalimu mkuu angeniita mbio, nami ningesikia, "Mwalimu, ni mimi. Sina la kusema, laini ilikuwa wazi tu." Halafu zile simu zikakatika. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya sabini, ya foleni za sukari na sabuni, kila mtu na lake, sikufuatilia. Mpaka mwalimu mwenzangu mmoja aliyetoka likizo Iringa akaniambia, hivihivi tukinywa chai, kwamba yule opereta rafiki yangu alipelekwa hospitali kukatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, na kwamba sauti imekwenda. Hasikiki kabisa, alisema.

Rovu kwetu nyanda za juu halikuwa jambo geni, akina mama wengi walikuwa nalo. Lakini opereta bila sauti! Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Akilini nilimwona amekaa ndani peke yake Kihesa, mtaa aliohamia Iringa, amefukuzwa kazi, anaongea kwa vidole.

Nilipoitwa kwenye semina Iringa mwezi wa saba, Jumamosi mchana tulipopewa nafasi nilienda moja kwa moja Kihesa. Njiani nilikuwa natayarisha maneno, kisha nikakumbuka kwamba mtu asiyeweza kukujibu si wa kumlundikia maneno, nikayaacha. Nyumba nilionyeshwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi, nikabisha tena, kimya. Jirani mmoja, mama aliyekuwa anapepeta mahindi, aliinua kichwa.

"Unamtafuta nani, dada?"

Nikamwambia.

"Na leo Jumamosi!" alisema, kana kwamba nimetafuta samaki mlimani. "Huyo umtafute mjini."

Hapo pumzi ikashuka kidogo. Mgonjwa hatembei mjini. Lakini la sauti lilikuwa palepale, na sikuthubutu kumuuliza yule mama.

Nilimkuta sokoni. Nilimjua kwa mgongo, sweta juu ya sweta, na kitambaa kimezungushwa shingoni. Alikuwa kwenye meza ya maharage, anaonyesha kwa kidole fungu hili, hapana, lile, bila kutoa neno. Muuzaji alipokea kwa kutikisa kichwa tu, kama watu waliozoeana hivyo. Nilisimama pale nikajisikia machozi yanakuja.

"Dada!" niliita.

Akageuka. Alinitazama, akafumbua mdomo wazi, na sauti ikatoka, nene, ya kukwaruza, kama ya mchungaji mwenye mafua.

"Mwalimu! Umenenepa!"

Nilimrukia katikati ya soko, maharage yakamwagika. Nililia, nikacheka, yeye akanipiga mgongoni akiniuliza nani kafa. Muuzaji alianza kuokota maharage yake akilalamika, na Dada akamjibu kwa maneno yake yaleyale ya zamani, ila sasa yalitoka kama radi ya mbali. Mbona ulikuwa unaonyesha kwa kidole tu, nilimuuliza.

"Huyu tumegombana juu ya bei wiki iliyopita," alisema. "Simsemeshi."

Tukaenda kunywa chai. Akanionyesha kovu, jembamba, limepona vizuri. "Rovu lilipotoka, nusu ya sauti ikafuatana nalo," alisema. "Nilikaa wiki kadhaa kimya kabisa, Mwalimu. Nikawa najua kazi imekwisha. Ilipoanza kurudi ilirudi hivi. Siku ya kwanza kwenye ubao nilikuwa natetemeka. Nikamuunganisha mtu na Dodoma, akaniambia, 'Asante sana, bwana.'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Karibu, bwana.'"

Alicheka mpaka akashika shingo. Kumbe kazi ilikuwa imenoga kuliko zamani. Wakubwa waliokuwa wakimkaripia laini zikichelewa, sasa walimnyenyekea wakidhani wanaongea na mkuu wa kituo. Na kweli, mwaka huo walimfanya msimamizi wa zamu. Hakuwa ameolewa, wala hakuonekana kama mtu anayesubiri kitu. Baba yake alikuwa hai, macho yamefifia, bado anashuka kutoka Kilolo kila kipupwe. Dada alinizungusha Iringa nzima siku ile na kesho yake, mlimani na bondeni, kwa watu na kwa wenye maduka, akinitambulisha kila mlango, mpaka nikakumbuka kwa nini nilikuwa nikijificha chini ya mablanketi.

Jumapili mchana alinisindikiza stendi. Basi la Mbeya lilikuwa limejaa, nikapata kiti nyuma kabisa. Nikakaa, nikapunga mkono dirishani, nikiwa nimetulia moyo, nikijiona mwalimu mzoefu, mke wa mtu, mwenye heshima zangu. Injini ikawaka. Dada akatazama nilipokaa, akakunja uso, akamshika kondakta mkono.

"Konda!" alinguruma, na abiria wote wakageuka wakidhani ni askari wa barabarani. "Yule mwalimu wa kiti cha nyuma mlete mbele! Ni wa kutapika yule! Tangu msichana ni wa kutapika! Na mpe mfuko!"

Nikaletwa mbele, basi zima likinipisha kwa haraka na kuvuta nguo zao. Nilijifunika kanga usoni, nikacheka mpaka Mafinga.